Honi ya dola 1,450 yenye mkunjo wa Geyer: orijino au kopi?

Jumapili iliyopita nilimpigia vidio koli mzee wangu wa Moshi, yule aliyenifundisha kupuliza tarumbeta kanisani nikiwa darasa la sita, nilitaka nimwonyeshe honi yangu ya muziki. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hebu isogeze kwenye mwanga niione vizuri." Nikaisogeza, nikaigeuza huku na huku, akakaa kimya anaangalia yale mabomba yalivyojizungusha, halafu akauliza lile swali ambalo Mtanzania anauliza hata kabla ya bei: "Hiyo orijino au kopi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia mzee ngoja nikuandikie maana jibu lake ni refu, na kwa vile kuna watu wengine wameshaniuliza inbox kuhusu hii hii honi basi naandika rivyu moja humu, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Kwanza kitu chenyewe. Naongelea honi ya Kifaransa, ile ya duara ambayo mkono wa kulia unaingia ndani ya beli (ule mdomo mpana wa mwisho) na valvu, zile za kubadilisha njia ya hewa, zinabonyezwa kwa kushoto, sisi tunaopiga tunaiita honi tu. Yangu ni dabo, yaani F na B-flati kwenye chombo kimoja, valvu nne, ya nne ni ya kidole gumba, shaba ya manjano, beli inafunguka kwa kuizungusha ili kesi iwe ndogo. Imetengenezwa China, nimeinunua mtandaoni dola 1,450 pamoja na kesi na usafiri. Jina lililochongwa kwenye beli silitaji, na kwa kweli halitakusaidia, sababu honi hiyo hiyo nimeikuta inauzwa kwa majina mengine matatu, kiwanda kimoja mihuri tofauti. Naishi Minnesota, napiga honi ya pili kwenye okestra ya watu wa kujitolea, mazoezi kila Jumanne jioni, so mpaka leo nimeshaipiga miezi kumi na moja, ninachoandika hapa kimetoka mdomoni kwangu na masikioni kwangu.

Sasa swali la mzee. Ukiigeuza honi yangu unaona valvu ya gumba imekaa mstari mmoja na zile tatu, iko mwisho kabisa baada ya valvu ya tatu, na kuna fimbo ndefu inatoka kwenye kidole gumba mpaka kule iliko. Mpangilio huo wapigaji wanauita mkunjo wa Geyer, kwa jina la fundi Carl Geyer wa Chicago. Kwa hiyo kwa haraka haraka ungesema basi, ni kopi ya Geyer, mjadala umeisha. Haujaisha hata kidogo, maana ukianza kumfuatilia Geyer unajikuta umefika Ujerumani, na ukifika Ujerumani unakuta kila mtu ana mtu aliyemwangalia kabla yake.

Tuanzie Erfurt, Ujerumani. Mwaka 1897 Fritz Kruspe, wa familia ya watengeneza vyombo pale Erfurt, alitoka na honi dabo. Kabla ya hapo mpigaji alikuwa na mateso ya kuchagua. Honi ya F ina bomba la kama mita 3.7 ukilinyoosha, sauti yake ndo ile nzito tamu ambayo watunzi waliiandikia, lakini ukipanda juu noti zake zimebanana mno, unalenga moja unapata jirani yake, na kwenye okestra kosa la honi linasikika mpaka siti ya mwisho. Honi ya B-flati ni fupi, mita 2.75 hivi, huku juu ina usalama zaidi ila chini inakosa ule uzito. Kruspe akaziweka zote mbili kwenye mwili mmoja, valvu moja ya gumba inachagua hewa ipite njia ipi. Wazo hilo likisimama mbele yako unaona ni la kawaida kabisa, kumbe kabla yake halikuwepo kwa namna inayofanya kazi vizuri hivyo, na baada yake karibu kila kiwanda cha honi duniani kikalichukua. Kila mtu! Ukiuliza lile swali la mzee kwa ukali basi honi zote dabo duniani ni kopi ya ile ya Erfurt.

Na hata Kruspe hakuanza na karatasi tupu, valvu zenyewe zilishakuwepo. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya pamoja ya valvu kule Prussia mwaka 1818, pamoja maana kila mmoja alikuwa anadai yeye ndo wa kwanza. Yaani toka siku ya kwanza ya valvu watu wanagombania nani kaanza, miaka mia mbili sasa.

Turudi kwenye mstari wetu. Honi za Kruspe zilivuka bahari kwa sababu ya mpigaji mmoja, Anton Horner, aliyekuwa honi ya kwanza Philadelphia Orchestra. Horner alishirikiana na Kruspe wakatoa modeli yenye jina lake, beli kubwa, koo pana, nikeli silva (ambayo jamani haina fedha ndani yake, ni shaba na nikeli na zinki), na valvu ya gumba imekaa upande wa valvu ya kwanza, palepale gumba lilipo. Horner alikuwa pia mwalimu, na mwanafunzi anataka chombo kama cha mwalimu wake, hiyo ni kawaida hata kwetu, mwalimu akipiga tarumbeta ya aina fulani darasa zima linaitafuta. Honi za Horner zikasambaa Marekani.

Halafu miaka ya 1930 kampuni ya Conn, ya Elkhart, Indiana, ikatoa modeli ya 8D. Ukiiweka 8D ya Conn na Kruspe ya Horner juu ya meza moja huhitaji mtu akuambie nani alimwangalia nani, mkunjo ni ule ule, nikeli silva ile ile, beli kubwa ile ile. Lakini sikiliza hapa, mtoto akawa mkubwa kuliko mama. 8D ndo ikawa sauti ya Marekani kwa miaka na miaka, Myron Bloom alipiga nayo kwenye okestra ya Cleveland, Vincent DeRosa alipiga nayo kwenye studio za Hollywood, ukisikia honi za filamu za zamani za Marekani zile zinazokujaza kifua, mara nyingi unasikia 8D. Mpigaji wa leo akisema anataka sauti ya 8D hata hamkumbuki Kruspe. Kopi imegeuka kipimo.

Ikaja kutokea jambo ambalo kwangu ndo linanifundisha zaidi kuliko yote. Karibu na mwaka 1970 Conn wakahamisha kiwanda kutoka Elkhart kwenda Abilene, Texas, baadaye tena uzalishaji ukaenda Ohio. Modeli ni 8D, jina ni Conn, mchoro ni ule ule. Na wapigaji mpaka leo wanatafuta za Elkhart kwa tochi, tangazo la kuuza linaandikwa kwa herufi kubwa ELKHART, bei inapanda. Maana yake nini? Maana yake kampuni ilibeba mchoro wake yenyewe ikaupeleka kwenye nyumba nyingine, na watu wakasema hii siyo ile. Mikono iliyokuwa inapinda yale mabomba, mashine zilizozoeleka, namna ya kupasha shaba moto na kuigonga, vitu hivyo havikuandikwa kwenye mchoro. Kwa hiyo hata mwenye mali halali anaweza kujikopi yeye mwenyewe, na akaulizwa orijino iko wapi.

Upande wa Geyer sasa. Carl Geyer alizaliwa Ujerumani, akafika Chicago mwaka 1904 kufanya kazi kwa fundi aitwaye Richard Wunderlich, baadaye akafungua karakana yake. Aliishi Chicago hiyo hiyo mpaka akafariki mwaka 1973. Mkunjo unaobeba jina lake unaelezeka kirahisi: valvu ya gumba ameitoa kule juu akaipanga foleni na wenzake, hewa inakwenda kwa njia yenye kona chache, mpigaji anahisi chombo kinamjibu haraka. Je aliubuni wote kichwani kwake? Wajerumani wenyewe wengine wanauita mkunjo wa Knopf, kwa familia ya mafundi wa Markneukirchen, na wengine wanaunganisha majina yote mawili Knopf na Geyer. Hilo jina la kuunganisha mimi nalipenda maana limekubali kwamba mafundi wale walikuwa wa shule moja, wote wanatoka Ujerumani ile ile ya karakana, mmoja akabaki mwingine akapanda meli.

Baada ya Geyer mafundi wa karakana ndogo ndogo wakaubeba mkunjo wake: Steve Lewis hapo hapo Chicago, Keith Berg Canada, Dan Rauch Norway. Hawa walijulikana kwa kutengeneza kwa mkono, mteja anasubiri foleni, na kila mmoja kabadilisha kitu kidogo, huyu koo la beli, yule unene wa shaba. Halafu viwanda vikaona soko linahama. Yamaha walitoa 668 inayofuata njia ya Kruspe na 667 inayofuata njia ya Geyer, kampuni moja mikunjo yote miwili. Hans Hoyer wa Markneukirchen nao wana za Geyer na za Kruspe. Na Conn, nyumba ya 8D yenyewe, nao wakatoa 10D ya mkunjo wa Geyer. Kwa hiyo Conn aliyemfuata Kruspe sasa anamfuata Geyer, Yamaha anawafuata wote wawili, na mwisho wa foleni kuna kiwanda cha China kinachowafuata Yamaha na wenzake, na mwisho wa mwisho niko mimi na honi yangu ya dola 1,450.

Kuna na honi ya Alexander 103 ya Mainz, Ujerumani, lazima niitaje hata kama haihusiani na honi yangu. Familia hiyo iko kwenye kazi toka 1782, na modeli 103 imekuwepo toka 1909, mkunjo wao wenyewe, Berlin Philharmonic wamekuwa wanaipiga vizazi na vizazi. Nayo imekopiwa, sana tu. Nitasema nilichosikia mimi: hiyo ndo ngumu kuliko zote kuikamata. Kwa nini, nafika huko.

Na Holton Farkas. Philip Farkas alikuwa honi ya kwanza Chicago Symphony, mwishoni mwa miaka ya 1950 akashirikiana na Holton wa Elkhorn, Wisconsin, wakatoa honi yenye jina lake, na shule nyingi za Marekani ndo honi walizonunua. Ni stori ile ile ya Horner na Kruspe imerudi, mpigaji mkubwa anakaa na kiwanda, anasema hapa panabana hapa fungua, na jina lake linachongwa. Nashauri mtu yeyote anayesoma kuhusu honi awe anatafuta jina la mpigaji nyuma ya modeli, maana mara nyingi masikio yaliyoamua ni ya mpigaji.

Sasa rivyu yenyewe.

Honi ilifika kwenye boksi, imefungwa vizuri, haina mbonyeo. Macho yangu yalifurahi sana. Lakwa imepakwa sawasawa, viungo vya kulehemu visafi kwa nje, slaidi zote (yale mabomba madogo ya kuvuta) zinatembea. Nikajaribu valvu kwa jaribio la kawaida: unavuta slaidi ya valvu bila kubonyeza, unasubiri sekunde kadhaa, halafu unabonyeza, ukisikia "pop" kali ujue hewa haivuji. Zote zilitoa pop, hata ya gumba. Hapo nikasema wachina wameiva. Na kweli kwenye valvu wameiva, mashine za kompyuta siku hizi zinachonga rotari (ile sehemu ya valvu inayozunguka ndani) kwa usahihi ambao zamani ulikuwa unamtaka fundi mzee akae anasaga kwa mkono.

Halafu nikapiga. Oktava ya kati nzuri, ina joto, inajibu haraka kama Geyer anavyotakiwa ajibu. Nikashuka chini, poa. Nikapanda. Kuanzia G ya juu ya mstari kwenda A, noti zikaanza kuwa kama mtu anayetembea kwenye ngazi yenye vidato visivyolingana, G iko sawa, A-flati inakaa juu kidogo, A yenyewe inateleza, unaipata lakini haikai, na ile E ya nafasi ya nne imeshuka mpaka jirani yangu wa honi ya kwanza akawa ananiangalia. Nikajua tatizo ni mimi, nikafanya mazoezi wiki tatu, noti ndefu kila asubuhi, kifaa cha kupimia noti mbele yangu. Ikawa bora kidogo tu. Nikamwazima mwenzangu anayepiga miaka thelathini ajaribu, naye akateleza palepale, A ile ile.

Nikaendesha gari mpaka Illinois kwa fundi mmoja ambaye wapigaji wa huku wanamwamini, karakana ndogo nyuma ya nyumba, na hapo ndo nilipata siku nzuri kuliko zote za mwaka huu maana alikuwa na honi tatu pembeni akaniruhusu nizijaribu zote na yangu ikiwa ya nne. 8D ya Elkhart ya miaka ya 1960, Yamaha 667, na Alexander 103.

8D ni kama kuimba kanisa kubwa lenye dari refu. Inameza hewa, unaipa inataka zaidi, na ukiipa kweli haipasuki mapema, unaweza kupiga kwa nguvu zote na sauti bado ina unene. Kwa mapafu yangu ni kazi nzito, baada ya dakika ishirini nilikuwa nimechoka. 667 ilikuwa salama salimini, kila noti ipo mahali pake, ukiweka mdomo inakuja, hii honi kwa mtu wa kazi za kila wiki ni rafiki. Halafu 103. Hii nashindwa kuieleza bila kurudia rudia maneno. Ukipiga polepole ina giza, ukiongeza hewa kidogo inaanza kuwaka, na kuwaka kwake hakuji ghafla, kunapanda kama jua la asubuhi kule Kibo. Nilipiga mstari mmoja mara sita. Bei yake mpya nisingeweza hata kuanza kuiongelea na mke wangu.

Ya kwangu ikaja mwisho. Fundi akaisikiliza, hakusema kitu, akachukua vipimo vyake, vile vifimbo vya chuma vyenye unene tofauti unavitumbukiza mmoja mmoja ndani ya bomba uone kila kimoja kinaishia wapi, akaanza kupima bomba la mdomo. Bomba la mdomo ni lile la kwanza kabisa linalopokea mauthipisi, kile kipande cha kuwekea mdomo. Pale mwanzoni tundu lake ni kama milimita 8, na linapanuka polepole, taratibu sana, mpaka linafika unene wa bomba la valvu ambao kwa honi nyingi uko karibu milimita 12. Huo upanukaji ndo siri. Kila noti ya honi ni wimbi lililosimama ndani ya bomba, lina sehemu zake za mgandamizo na sehemu zake za mwendo, ukipanua bomba pale wimbi la noti A lina mgandamizo unaisogeza A, na noti ya jirani ambayo wimbi lake pale linafanya kitu kingine unaisogeza kinyume. Kosa la sehemu ya kumi ya milimita, mahali pabaya, na mdomo unaliona. Akanionyesha kwenye karatasi: bomba la honi yangu linapanuka haraka mwanzoni halafu kuna kipande kirefu kimelala sawa bila kupanuka, halafu linaruka tena. La 667 aliyokuwa nayo linapanda taratibu mpaka mwisho.

Na kwa nje, wadau, mabomba hayo mawili yanafanana kabisa! Urefu ule ule, pinda ile ile, ukiyaweka pembeni huwezi kutofautisha. Hapo ndo nikapata jibu la mzee. Aliyekopi honi yangu alikopi kwa macho. Alichukua honi ya watu, akapima urefu wa kila bomba, akapima kona, akapima beli, mpaka fimbo ya gumba kaipinda kwa pembe ile ile, kazi nzuri sana ya macho. Lakini ndani ya bomba macho hayafiki, na pale ambapo Geyer na Kruspe na ile familia ya Mainz walitumia miaka wakijaribu wakitupa wakijaribu, pale yeye kajaza kwa kukadiria. Ndo maana nasema 103 ni ngumu kukopi, mkunjo wake mtu yeyote anauona na kuuchora, ila unachokisikia kinatoka kwenye yale mapanuko ya ndani na unene wa shaba na namna beli ilivyogongwa, na vyote hivyo vikiguswa kimoja vingine vinadai virekebishwe.

Huduma ya fundi naipa nyota tano bila kufikiria. Hakuniambia honi yangu ni takataka kama watu wengine wanavyopenda kusema wakisikia China. Alisema valvu zako nzuri, mwili mzuri, tubadilishe mlango. Bomba jipya la mdomo, la kutengenezwa kwa mkono, dola 260. Kazi ya kulitoa la zamani, kulilehemu jipya bila kulilazimisha (alisisitiza hili, ukilehemu bomba huku umelivuta kwa nguvu chombo kizima kinakaa na mkazo na kinakuwa kigumu kupiga), kubadilisha vizuizi vya mpira vya valvu na kulinganisha alama za rotari chini ya vifuniko, dola 180. Jumla 440. Siku tatu nikalala kwa rafiki. Alikuwa ananiita nije nione kila hatua, na maswali yangu yote aliyajibu huku mikono inafanya kazi.

Nilipoipiga tena nilikaa chini. A ipo. A-flati imeshuka ikakaa kwake, E imepanda, na hata huku chini ambako sikuwa na malalamiko sauti imenenepa. Honi ile ile! Jumanne iliyofuata honi ya kwanza akaniuliza nimenunua honi gani mpya.

Hesabu basi: 1,450 na 440 ni 1,890. Kwa hela hiyo huku Marekani unaweza kupata Holton au Yamaha ya mtumba iliyopigwa shuleni, na ukiipata iliyotunzwa, valvu hazivuji, ichukue, usifikirie mara mbili, mchoro wake umeshapita kwenye midomo ya watu wengi. Mimi nilikosa ya namna hiyo ndo nikaenda mpya. Kama uko Dar au Arusha au Nairobi na hakuna fundi wa kubadilisha bomba la mdomo, honi ya aina yangu itakupa shida na hutakuwa na wa kukuokoa, kwa hiyo wewe usinunue bila kuipiga kwanza au bila mtu unayemwamini kuipiga. Na mkiwa mnaanzisha honi kwenye kundi la matarumbeta la kanisa, anzeni na ya B-flati peke yake au F peke yake ya kiwanda kinachojulikana, ina mabomba machache, uzito mdogo, mtoto anaishika bila kuchoka.

Kitu kimoja kinaniuma na nakisema kwa moyo. Kwenye tangazo la honi yangu palikuwa na maneno mengi sana, "ubora wa Kijerumani", "sauti ya kitaalamu", jina lenye mlio wa Kijerumani ambalo ukilitafuta hulipati popote. Hakukuwa na neno Geyer. Kutengeneza mkunjo wa Geyer hakuna ubaya wowote, mikunjo hii ina umri wa kutosha na imeshakuwa ya wote kama ilivyo mishono ya kanga, Yamaha wanatengeneza, Conn wanatengeneza, na katika maduka wanaandika wazi hii ni ya Geyer hii ni ya Kruspe, mnunuzi anajua anachukua nini. Lakini kuchukua kazi ya mtu halafu kubuni babu wa uongo, hapo hapana. Fundi aliyekaa karakana ya Chicago toka ujana wake mpaka uzeeni akitafuta pa kuweka valvu moja anastahili jina lake liandikwe kwenye tangazo la dola 1,450. Nimewaandikia wauzaji, nimewaambia hivyo hivyo kwa heshima, nikawaambia pia kuhusu bomba la mdomo na nikawatumia vipimo vya fundi. Wamejibu asante. Nitaangalia honi watakazotoa mwakani.

Nyota: kama ilivyotoka kwenye boksi mbili na nusu. Ikiwa na bomba jipya, nne, na ninayo raha kila ninapoifungua kesi.

Jana usiku nikampigia tena mzee nikamsimulia yote haya, Erfurt, Philadelphia, Elkhart, Chicago, mpaka vile vifimbo vya kupimia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "haya, nipigie nisikie." Nikampigia ubeti mmoja wa ile tenzi tuliyokuwa tunafungulia ibada, nikaishia kwenye A ya juu nikaishikilia. Akatikisa kichwa. Halafu nikamwona anavaa miwani, anatafuta kalamu mezani, anafungua lile daftari lake la nyimbo kwenye ukurasa wa nyuma.

"Huyo fundi wa Chicago," akasema, "jina lake linaandikwaje?"